Herufi Mbili

Safu haitaki mchanganyiko.
Weka namba mia tatu, zote uzito wa watoto,
kisha mtu mmoja aandike *hajaletwa*
mstari wa arobaini na moja, kwa nia njema kabisa,
na safu nzima inageuka maneno:
tisa nukta nne haijumlishiki tena,
imekuwa jina tu, kama Makorora.

Nilijifunza hilo juzi, ghorofa ya kwanza, Chumbageni,
feni ikisukuma joto kutoka kona hii hadi ile,
chai ya maziwa imefunga utando.
Bwana Shekalaghe anataka jedwali Ijumaa.
Wastani wa kila kijiji, alisema, basi,
usiniletee hadithi.

Nikafuta, nikapanga.
Koma nikazifanya nukta.
Mabokweni ilikuwa imeandikwa namna nne,
na ya nne machoni pangu ilikuwa sahihi,
ila nyuma yake palibaki nafasi tupu,
upana wa pumzi,
na mashine ikaapa kwamba hivi ni vijiji viwili.
Saa nzima niliutafuta mpaka wao.
Ulikuwa kidole gumba cha mtu aliyekuwa akipiga miayo.

Orodha ina moyo mwingine.
Orodha ni pakacha:
tia safu, tia jedwali zima, tia neno moja,
tia pakacha jingine, halibagui.
Lakini kutoa kuna adabu yake.
Bisha kwa mabano ya mraba mara moja,
unakabidhiwa pakacha dogo, kitu bado kimo ndani.
Bisha mara mbili, mabano ndani ya mabano,
ndipo anapotoka mwenyewe.
Ni hodi tu, dada, alisema Singano, aliyenifundisha.
Ya kwanza unaitikia mlango.

Yote hayo niliyameza.
Zilizonikwama ni herufi mbili.

Pasipo na kitu, lugha hii huandika NA.
Walioitunga wana maana yao, ya kukosekana.
Mimi nimezaliwa Duga, mama yangu Mdigo,
nikiona *na* nasubiri kinachofuata.
Mtoto wa 211, kilo nane na nusu.
Mtoto wa 212, kilo NA.
Na nini?
Nilikaa kama mtu aliyekatiwa simu.

Omba wastani, NA ikiwamo moja tu,
jibu lote ni NA.
Ipo amri ya kuziondoa, fupi, kama kupangusa meza.
Singano huiandika bila kutazama vitufe.
Mimi kidole kilifika, kikaelea.

Nikampigia nesi Mwanamkasi, zahanati ya Mabokweni.
Nyuma yake watoto walikuwa wakilia kwa zamu.
Zipo kumi na moja, nikamwambia, nakusomea.
Sita ni ile Jumatatu, mizani iliishiwa betri.
Watatu wamehamia Horohoro kwa shangazi yao,
mapacha na mdogo wao.
Mmoja
(akanyamaza, mlango ukafungwa)
huyo mwache, nitakueleza ukija.
Na 212?
Akacheka.
Alikuwa amelala mgongoni,
na mamake, aliyetoka shamba, kasinzia kwenye benchi.
Ningemfungua kwenye kanga wangeamka wote wawili.
Nikaandika kistari.

Ijumaa nilipeleka wastani, NA nimeziondoa,
maana kazi ni kazi.
Ila pembeni kabisa, kulia, niliongeza safu:
*sababu*.
Bwana Shekalaghe akashusha miwani. Hii nini?
Maneno tu, bosi. Hayajumlishiki.
Akasoma hadi chini, akapanda tena juu kidogo,
akakaa hapo.
Betri ya mizani, akauliza, ni shilingi ngapi?

Sababu ya yule mmoja sikuijaza.
Mashine iliijaza yenyewe, herufi zake mbili.
Jumanne nakwenda Mabokweni.